Vanishi Juu, Uozo Chini: Madai Tisa Kuhusu Baraza ya Mbao

Masika yalipokwisha, fundi alikuja kuikagua baraza yetu ya mbao huku Kigamboni. Hakuja na randa wala nyundo. Alitoa bisibisi mfukoni, akaidunga kwenye ubao wa tatu kutoka ngazini, nayo ikazama mpaka kwenye mpini. Juu, ubao ule uling'aa vanishi hata ungeweza kujitazama uso. Ndani ulikuwa umelainika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.

"Nani aliwapakia?" akauliza.

Nikamwambia nilipaka mwenyewe, mikono mitatu ya vanishi isiyo na rangi, tena ya bei mbaya.

Akanitazama kwa huruma. "Hukupaka, bosi. Umezika."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa sikio jingine maneno tunayoambizana kuhusu mbao za nje, dukani tunaponunua rangi, kwenye karakana za maseremala, hata kwenye vikao vya familia. Mengi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yadumu. Lakini yote yana kosa moja: yanauchukulia ubao kama bati au jiwe, kitu cha kufunikwa na kusahauliwa. Ubao hunywa maji na kuyatema, hutanuka na kusinyaa, hata miaka mingi baada ya mti kukatwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini hiyo ni hekima ya nyumba. Kwa ubao wa nje swali kubwa ni moja: maji yakishaingia, yatatokea wapi? Na yataingia tu.

Dai la kwanza: "Mbao ngumu haihitaji chochote."

Anayesema hivi hukuonyesha milango ya Mji Mkongwe wa Unguja. Ile pale, imesimama zaidi ya miaka mia, nani aliipaka mafuta ya kopo?

Tukubali kilicho cha kweli. Moyo wa mkongo, mvule au mtiki una kemikali za asili zinazowachukiza mchwa na kuvu. Ila mlango husimama wima. Mvua ikiupiga, maji huteremka na kwenda zake. Sakafu ya baraza imelala. Maji huituamia, huingia kwenye kila tundu la skrubu na kila mwanya. Kulinganisha mlango na sakafu ni kulinganisha mwavuli na sinia.

Tena sifa hizo ni za moyo wa mti peke yake. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na gome, huoza hata kwenye mti mgumu kiasi gani. Unaponunua mbao, ligeuze kila bao na utazame kingo zake. Weupe ukiwa mwingi, unauziwa jina la mti bila nguvu zake.

Na kijivu kinachotokea baada ya miezi kadhaa ya jua? Hicho si ugonjwa. Mwanga wa jua huvunja ligini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha mvua huiosha na kuacha nyuzi zilizopauka. Ulaji huo ni wa polepole sana: kwa miti laini ya nchi za baridi hukadiriwa kuwa kama milimita 6 kwa miaka 100. Ukipenda kijivu, na mbao yako ni ya moyo wa mti mgumu, iache. Ujue tu kwamba nyufa zitafunguka zaidi na vibanzi vitawachoma watoto miguu. Mafuta ya mbao hupunguza mambo hayo mawili. Kwa hiyo dai sahihi ni hili: mbao ngumu huvumilia kusahauliwa kuliko nyingine, lakini haipendi.

Dai la pili: "Mbao mpya ipakwe siku hiyohiyo." Na pacha wake: "Iache mwaka mzima kwanza."

Madai haya mawili yanapigana yenyewe kwa yenyewe, na yote yanashindwa.

Mbao nyingi tunazoziona jijini ni za msindano, zile tunazoziita paini, na nyingi hutoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi. Mara nyingi huteremka kwenye lori zikiwa bado na maji mengi. Zikiwa zimetiwa dawa, zile zenye ukijani wa shaba, basi zimenyweshwa maji mara ya pili, kwa sababu dawa huingizwa ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Ukipaka mafuta juu ya ubao wa namna hiyo, yataingia wapi wakati nafasi imejaa?

Ubao hauanzi kusinyaa mpaka maji yake yashuke chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa ubao mkavu. Kuanzia hapo kila asilimia inayopungua huupunguza upana. Ubao wa msindano wenye upana wa sentimita 15, ukikauka hadi kufikia hali ya hewa ya pwani yetu, yaani karibu asilimia 15, unaweza kupungua kama milimita 5. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana fundi anayejua hazipangi mbao kavu zikigusana. Huacha mwanya wa milimita 5 hivi, ili zikivimba wakati wa masika zisisukumane mpaka skrubu zing'oke.

Lakini kuziacha mwaka mzima juani nako ni kosa. Watafiti wa Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, wameonyesha kwamba ubao mtupu ukikaa juani kwa wiki chache tu, uso wake hudhoofika na rangi hushindwa kuushika vizuri. Ukaushe basi, lakini kivulini: zipange mbao na vijiti kati yake, hewa ipite juu na chini, na juu weka bati au turubai lisilogusa mbao.

Utajuaje ziko tayari? Chukua kikombe cha maji, nyunyiza matone machache. Yakinywewa ndani ya dakika chache, paka. Yakikaa juu kama shanga, ama ubao bado una maji, ama uso wake umefungwa na visu vya mashine vilivyouranda. Kwa hili la pili msasa mwepesi unatosha.

Dai la tatu: "Jiki na maji ya presha hurudisha ubao kuwa mpya."

Dawa ya kung'arisha nguo huua kuvu, hilo halina ubishi. Lakini haiondoi kijivu cha jua, na ikiwa kali hula ileile gundi ya nyuzi ambayo jua limeanza kuila. Ubao hutoka mweupe siku ya kwanza, siku ya tatu una manyoya kama kitambaa kilichochakaa. Maji ya presha hufanya hivyohivyo kwa nguvu: hung'oa nyuzi laini na kuacha ngumu, mpaka ubao unakuwa na matuta. Ukiona ubao umechorwa mistari kama shamba lililopigwa plau, ujue mtu alisafisha kwa hasira.

Kinachofaa ni kazi ya kawaida: maji, sabuni, brashi ngumu ya nyuzi, na mkono unaofuata urefu wa ubao. Kwa kuvu iliyokolea, unga wa kusafishia wenye nguvu ya oksijeni hufanya kazi bila kuumiza sana nyuzi. Madoa meusi yanayozunguka misumari ni jambo jingine kabisa. Mbao nyingi zina tanini, kitu kilekile kilichofanya magome ya mikoko ya pwani yetu yauzwe ng'ambo kwa kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma na unyevu, hutoa weusi wa wino. Asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji huuondoa, baadaye ubao husuuzwa vizuri. Lakini usipobadilisha misumari kwa skrubu zisizoshika kutu, weusi utarudi, hasa kwa sisi tunaopigwa na upepo wa chumvi.

Angalizo moja ambalo si la mzaha: usichanganye jiki na asidi yoyote, hata ndimu au siki, wala na dawa yenye amonia. Mvuke unaotoka ni sumu ya mapafu.

Dai la nne: "Kadiri msasa unavyokuwa laini, ndivyo kazi inavyokuwa nzuri."

Kwa kabati la sebuleni, sawa. Kwa baraza, hapana. Msasa laini sana huusugua uso mpaka ukajifunga, na mafuta hayapati pa kuingia. Anza na namba 60 kama ubao ni mchafu, maliza na 80 au 100, basi. Wazee waliosugua mbao kwa jani la msasa, mti uliotupa jina hilo, hawakuwa wakitafuta kioo. Walitafuta ubao usiochoma.

Kama mbao zako ni za dawa, vaa barakoa na ufagie vumbi lote. Dawa iliyozoeleka kwa miaka mingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani ilisimamisha matumizi yake kwenye mbao nyingi za nyumbani mwishoni mwa 2003. Na vipande vilivyobaki visiingie jikoni kuwa kuni.

Dai la tano: "Vanishi nene ndiyo kinga kamili."

Hili ndilo lililoniponza, kwa hiyo nitalikalia.

Vanishi hutengeneza ngozi juu ya ubao. Ngozi hiyo ikiwa nzima, maji ya juu hayapiti. Tatizo la kwanza ni mwanga. Vanishi isiyo na rangi ni kama dirisha: jua hupita na kuendelea kuichoma gundi ya nyuzi chini yake. Baada ya muda ngozi inakuwa imeshikilia kitu ambacho chenyewe hakijishikilii tena. Hapo ndipo hubanduka kama ngozi ya nyoka, na ukiugeuza ule ubanduko utaona umeondoka na nyuzi za ubao.

Tatizo la pili ni mwendo. Ubao hutanuka masika na kusinyaa kaskazi. Ngozi ngumu haiwezi kuufuata mwaka baada ya mwaka. Hupasuka nywelenywele, nyufa ambazo jicho halizioni lakini maji huziona.

La tatu ndilo lililoua ubao wangu. Mti ulipokuwa hai, maji yalipanda kwa kufuata urefu wake, kama kwenye mirija. Ubao bado una mirija hiyo, na midomo yake iko kwenye ncha zilizokatwa na msumeno. Mimi nilipaka juu nikaacha ncha na tumbo. Maji yakaingia kwenye ncha, yakasafiri ndani, yakataka kutokea juu kwenye joto la jua, yakakuta mlango umefungwa kwa mikono mitatu ya vanishi. Yakakaa. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na uozo wa sakafuni huanzia hukohuko.

Jibu ni mafuta ya mbao yanayozama ndani, yenye rangi kidogo. Rangi ile si pambo tu. Chembe zake ndizo zinazozuia mwanga, kama mwavuli mdogo kwa kila uzi. Mafuta hayatengenezi ngozi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Huchakaa polepole, nawe unaongeza juu yake bila kukwangua chochote. Zipake ncha kwanza, mara mbili, kisha tumbo, kisha uso. Ubao ambao haujapigwa misumari bado ni rahisi kuupaka pande zote. Ukishapigiliwa ni kulala chali chini ya baraza na mafuta kukudondokea machoni. Baada ya dakika 15 au 20, futa yote ambayo hayajanywewa. Hapa wengi huona uchungu, wanahisi wanafuta pesa. Lakini mafuta yaliyobaki juu huganda yakinata, hukusanya vumbi na nyayo za paka, na yanakuwa vanishi mbaya ambayo hukuinunua.

Mtiki una mafuta yake ya asili yanayokataa wageni. Ufute kwa kitambaa chenye tina muda mfupi kabla ya kuupaka.

Vanishi ina mahali pake, sikatai: mlango ulio chini ya paa, kiti cha ndani, meza. Sakafu inayonyeshewa si mahali pake.

Dai la sita: "Oili chafu ya gari ndiyo dawa ya mchwa."

Ni ya bure, ni nyeusi, inanuka. Lazima ni dawa! Mantiki hiyo imepaka maelfu ya nguzo na boriti za nchi hii.

Oili ya injini haikauki. Mafuta ya kitani, yanayouzwa madukani kwa jina la linsidi, hukutana na oksijeni ya hewani na kugeuka kitu kigumu ndani ya nyuzi. (Ni kitani, si katani, mkonge wa Tanga haukamuliwi mafuta haya.) Oili chafu hubaki majimaji, huingia kwenye nguo za anayeketi, kwenye viganja vya mtoto anayetambaa, na mvua huishusha kwenye udongo na hatimaye kisimani. Ndani yake mna metali zilizosagika kutoka kwenye injini na kemikali za moshi wa mafuta, baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Na siku utakapotaka kupaka kitu cha maana, hakitashika.

Na mchwa wenyewe? Hawazuiwi na harufu kwa muda mrefu. Wanazuiwa na njia. Mchwa wengi wanaokula nyumba zetu hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo, kwa sababu hukauka haraka wakikaa hewani. Basi usisimamishe nguzo ya baraza kwenye udongo. Isimamishe juu ya zege lililoinuka, ukiweka bati kati yake, na uache nafasi ya kuchungulia chini. Kila mwezi inama utazame. Kijia ukikiona, kivunje na ushughulikie chanzo chake. Macho yako yanamshinda mchwa kuliko dumu la oili.

Dai la saba: "Paka saa saba mchana, ikauke haraka."

Kukauka haraka ndiko kusikotakiwa. Ubao uliopata moto huyakausha mafuta usoni kabla hayajazama, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kuyasukuma nje kwa mapovu. Ngoja umande ukauke asubuhi, kisha kifuate kivuli kadiri jua linavyosogea. Wala usipake jioni sana, umande utakukuta. Kwa pwani yetu, miezi mizuri ni baada ya masika, Juni hadi Septemba, kusi inapovuma ikiwa kavu. Au Januari na Februari, kaskazi inapotulia bila mvua. Ukipaka Aprili, unaipakia mvua.

Dai la nane, ambalo hakuna anayelitamka ila wengi tunalitenda: "Matambara ni matambara."

Kazi imeisha, matambara yenye mafuta ya kitani yanakunjwakunjwa na kutupwa kwenye kona ya stoo. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikitandazwa, joto hupotea. Kikiviringishwa pamoja na vingine, joto hukosa pa kwenda, hupanda, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti wala cheche. Hili si hadithi za fundi. Ni kemia, na limeunguza nyumba. Yatandaze matambara nje, moja moja, mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa.

Ajabu, ni kosa lilelile la vanishi: kufungia kitu kinachotaka kutoka.

Dai la tisa: "Kazi nzuri hufanywa mara moja, umemaliza miaka kumi."

Hapa ndipo makopo yanapotudanganya, nasi tunapenda kudanganywa, kwa sababu nani anataka kazi isiyoisha?

Waulize wenye vyombo vya baharini. Hakuna watu wa pwani waliojua mbao na maji kama waunda majahazi, na hakuna hata mmoja wao aliyedai kuwa amemaliza. Chombo kilivutwa ufukweni, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati upya, tumbo likapakwa deheni ya shahamu na chokaa, juu kikapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilitangulia chombo bandarini. Baada ya muda, tena. Anayewataja wazee kutetea oili chafu amechukua upakaji wao na kuacha ratiba yao, na ratiba ndiyo iliyokuwa siri.

Baraza inayopigwa na jua na mvua itahitaji mkono mmoja wa mafuta kila mwaka au kila miaka miwili. Hakuna kukwangua, hakuna presha. Ni kufagia, kuosha, kungoja siku mbili za jua ikauke, na kupaka. Kwa baraza ya kawaida ya nyumbani, ni Jumamosi moja. Linganisha na wiki mbili za kung'oa vanishi iliyokufa, na bei ya mbao mpya.

Fundi wangu alibadilisha mbao nne, tukaikwangua vanishi iliyobaki kwa uchungu mwingi. Sasa kila Julai nashuka na kikombe cha maji mpaka ubao wa tatu kutoka ngazini, namwaga kidogo, naketi. Maji yakisimama kama shanga, narudi ndani kunywa chai. Yakizama, naenda stoo kuchukua brashi, na naanza na ncha.